Asetilini ya Baba kwenye Chanuo la Mwanga

Mwalimu wangu alifungua kile kisanduku juu ya meza ya maabara akiwa amevaa glavu, na mimi nikajikuta nimeshika pumzi. Ndani yake, vikiwa vimebanwa juu ya utando laini unaonata, kulikuwa na vipande vichache vya silikoni, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Ukiinamisha kisanduku kuelekea dirishani, vilitoa rangi ya zambarau na kijani, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji ya mtaro.

"Usiongee karibu navyo," akaniambia. "Mate."

Kazini mimi naye tulikuwa tunaongea Kiingereza, na mara mojamoja yeye huteleza akaingia Kinyankole, lakini nikimkumbuka siku ile maneno yake yananijia kwa Kiswahili, lugha ninayootea ndoto. Vipande vile vilikuwa vimetoka Ulaya, kwa watu aliosoma nao zamani. Walikubali kutuazima mpaka mwisho wa muhula, waone kama kazi inaweza kufanyika Mbarara, katika chumba chenye feni iliyokufa na umeme unaoondoka bila kuaga.

Mimi nilikuwa msaidizi wake wa utafiti. Nilizaliwa upande wa Kongo, katika milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, nikafika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nimekulia Juru, upande mmoja wa kambi hiyo, kati ya mashamba ya maharagwe na mahindi. Shule nilisomea kambini, kisha nikapata ufadhili wa kuja chuoni Mbarara kusoma fizikia. Nilipomaliza shahada ya kwanza, mwalimu huyu aliniambia nisiende popote. Nikapanga chumba Ruharo, nyuma ya hospitali ya misheni, na kila asubuhi nikawa natembea kwenda maabara nikiwaza mwanga.

Nieleze kwa nini vipande vile vilitushikisha pumzi. Juu ya kila kimoja kulikuwa kumechorwa pete, nyembamba mno kwamba bila hadubini unaona vumbi tu. Pete hiyo ni njia ya mwanga. Ukiingiza leza ya rangi moja, mwanga unazunguka mle ndani mara nyingi, unajilimbikiza juu yake wenyewe, hadi nguvu yake inafika mahali ambapo hauwezi kubaki rangi moja. Unaanza kuzaa rangi nyingine, kushoto na kulia, zikiwa zimepangana kwa nafasi sawasawa kabisa. Ukizichora kwenye skrini zinaonekana kama meno ya chanuo, na ndivyo wataalamu wanavyokiita kitu hicho: chanuo la mwanga.

Chanuo hilo linatumika kutambua gesi. Kila gesi ina rangi zake inazozimeza, na nyingine inaziacha zipite. Ukipitisha chanuo ndani ya gesi, ukaangalia upande wa pili ni meno gani yamefupishwa, unajua ni gesi gani iliyomo humo, hata kama macho yako hayaoni kitu. Vifaa vya kufanya kazi hiyo kwa usahihi mkubwa nilikuwa nimeviona kwenye picha tu, vikijaza meza kubwa kuliko kitanda. Hapa moyo wa kifaa kizima ungeweza kupotea ndani ya mfuko wa sketi yangu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuingiza mwanga ndani ya kipande. Mwanga unaletwa na uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ncha ya uzi lazima iangalie mlango wa ile njia bila kukosea hata kidogo. Nilikuwa nazungusha skrubu ndogo huku nikiangalia kwenye hadubini, na kila lori la ndizi lilipopanda kilima huko nje, uzi ulitetemeka nami nikaanza upya. Kipande cha kwanza tuligundua kimemeguka ukingo njiani, hakikupitisha chochote. Cha pili kilipitisha mwanga, na baada ya siku nyingi za kusogeza rangi ya leza kidogokidogo, meno yakaanza kujitokeza. Lakini yalikuwa yanaruka juu na chini kama mahindi kwenye kikaango. Chanuo la namna hiyo halipimi kitu.

"Linapiga kelele," mwalimu alisema. "Tunataka linyamaze."

Kunyamaza kwenyewe kuna dalili yake, na tulikuwa tumeisoma sana. Unaisogeza leza kuelekea upande wa nyekundu, polepole lakini si polepole mno, kwa sababu pete inapata joto na kukukimbia. Ukibahatika, nguvu ya mwanga inashuka ghafla kama mtu aliyekanyaga ngazi ya chini, halafu inatulia palepale. Hapo ndani ya pete panakuwa na pigo moja tu la mwanga linalozunguka bila kuchoka, na meno yote yanasimama.

Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha na malori hayajaanza kupita, niliona ile ngazi. Nilikuwa peke yangu. Mstari kwenye skrini ulishuka, ukakaa. Nikageuza macho kwenye skrini ya pili, na pale palipokuwa na vurugu kila siku palikuwa na meno mengi mazuri yaliyosimama kimya, ya katikati marefu, ya pembeni yakipungua taratibu kama mgongo wa kilima. Nilivuta kiti nikakaa. Halafu nikasimama. Halafu nikatoka mbio.

Mwalimu alikuwa anafundisha darasa la mwaka wa kwanza jengo la pili. Nilisimama mlangoni, maana sikutaka kupiga kelele mbele ya wanafunzi wote wale. Aliniangalia usoni mara moja tu, akaweka chaki chini, akawaambia waendelee kusoma wenyewe. Uwanjani alivua viatu vyake vya kisigino akavishika mkononi, tukakimbia.

"Umekigusa?" aliniuliza mlangoni, akihema.

"Sijagusa."

"Basi usiguse. Usikipumulie."

Tukasimama sote wawili mbele ya skrini, yeye peku, tukiangalia meno yale kama watu waliotembelea mtoto mchanga. Chanuo lilikaa hivyo mpaka umeme ulipokatika mchana. Likafa, nasi tukaanza kucheka palepale, maana sasa tulijua linaweza kuwashwa. Wiki ile nililiwasha tena na tena hadi mkono wangu ukazoea. Nilikuwa nikitembea kwenda Ruharo jioni najihisi nimebeba siri kubwa, na watu wanaopita hawajui.

Sasa tulihitaji gesi ya kupima. Bomba la kioo lenye gesi safi, lililotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, lilikuwa limeagizwa zamani na likakwama njiani, hakuna aliyejua ni wapi. Mwisho wa muhula ulikuwa unakaribia.

"Kwa rangi hizi zetu, gesi inayofaa kuliko zote ni asetilini," mwalimu alisema. "Mistari yake ni mikali na inajulikana yote. Lakini mtungi wa asetilini chuo hakitaturuhusu kuuingiza ndani ya jengo, na kina haki."

"Asetilini ya kuchomelea?" nikauliza.

"Hiyohiyo."

"Tunahitaji kiasi gani?"

"Ya kujaza bomba kama mkono wako. Kidogo sana."

"Baba yangu anaitengeneza," nikasema.

Aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea Juru. Karakana yake ni kibanda cha mabati kando ya barabara, na humo anaunga fremu za baiskeli, majembe, milango, vitanda vya chuma. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, moto wake unatoka kwenye kabaidi, mawe ya kijivu ambayo yeye huyaita karibiri. Ukiyatia maji yanachemka na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo asetilini. Tangu utotoni nimelala nikisikia harufu yake kwenye nguo zake, harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Nilimkuta amekaa nje baada ya ibada, mama yangu karibu naye akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Papa, nimekuja kukuomba karibiri," nikamwambia.

"Ya kufanya nini?" akauliza. "Kule Mbarara bafundi habako?"

"Bako. Lakini nataka kidogo tu, ya kwako."

"Unataka kuchomelea nini, mama?" Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Si kuchomelea. Tunataka kupitisha mwanga ndani ya ile gesi tuone iko namna gani."

Alijikuna mkono penye kovu la cheche. "Ile gesi haionekanake," akasema. "Mimi niko nayo miaka mingi, sijaiona hata siku moja. Ninaonaka moto tu."

"Ndiyo maana nimekuja, papa. Tuko na kitu chenye kinaweza kuiona."

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Miaka yote unamusumbua mutoto asome," alisema. "Leo amesoma, anakuomba mawe, unaanza kumuuliza maulizo."

"Sijamunyima," baba akasema. "Lakini sitamupa mukononi. Hii kitu ikiona maji ndani ya njia, itamuharibia mambo. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

Alikuja katikati ya wiki. Asubuhi ile niliwasha chanuo mapema, likashika mara ya kwanza, nikasema leo ni siku yetu. Mwalimu alikuwa ameandaa chupa ya kioo, mpira mwembamba na bomba la kupimia, lenye vioo viwili safi kwenye ncha zake. Tukasubiri. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa kusini, meusi, na mimi nilijua baba yuko chini yake juu ya pikipiki. Simu ikalia.

"Niko hapa Isingiro," baba alisema, bado akiwa njiani, na nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati. "Nimejificha kwa soko. Kuna mwanamuke wa ndizi amenipa fasi ya kukaa."

"Na karibiri?"

"Iko ndani ya koti. Imekauka kuliko mimi."

Mvua ilimshikilia pale muda mrefu. Kila nilipopita karibu na skrini nilikagua meno, na bado yalikuwa yamesimama. Mchana ulipita. Alipoingia hatimaye maabara, suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini na viatu vimejaa udongo mwekundu. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Kisha akafungua koti, akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa nailoni juu ya nailoni, akalikabidhi kwa mwalimu kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mzee," mwalimu alimwambia kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Pole na mvua."

"Asante, mwalimu. Mimi nimeloana, lakini muzigo haikuloana."

Gesi tuliitengeneza nje, chini ya paa la nyuma, mbali na waya na cheche zote. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu ya kiasi, na baba alipoona jiwe tulilochagua, dogo kama punje ya harage, alitikisa kichwa.

"Hii haitachomelea hata sindano," alisema.

"Hatutachomelea, mzee. Tutaangalia tu," mwalimu akajibu, na baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Nilidondosha maji tone kwa tone. Jiwe likaanza kuchemka, ile harufu ya nguo zake ikajaa, nami nikaona mwalimu anakunja pua huku anatabasamu. Tuliacha gesi ya kwanza iende zake ikasukume hewa nje ya bomba, kisha tukafunga koki mbili. Kwa macho bomba lilikuwa tupu kabisa. Nililibeba kuingia ndani kama mtu anayebeba yai.

Nilikuwa nimelifikisha mezani umeme ulipokatika. Betri ya akiba iliiokoa kompyuta, lakini leza ilizimika, na chanuo nililolilinda tangu asubuhi likawa halipo tena.

Baba alirudi nyuma hatua. "Ni mimi?" akauliza taratibu. "Nimegusa kitu?"

"Hapana, papa. Ni umeme tu."

"Kumbe hata huku?"

"Hata huku."

Umeme uliporudi, nilikaa tena kwenye leza. Siku zote nilikuwa nimefanya kazi ile mbele ya mwalimu au peke yangu, na sasa alikuwapo mtu aliyenifundisha kushika nyundo. Nilisogeza leza, ngazi ikaonekana na kupotea. Nikarudia, pete ikanikimbia. Mara ya tatu nilipumua kwanza, nikasogeza, na mstari ukashuka ngazi ile ukakaa. Kwenye skrini ya pili meno yakasimama yote.

"Hayo," nikasema.

"Hayo nini?" baba akauliza.

"Huo ni mwanga, papa, umepangwa kwa rangi zake. Macho yetu hayauoni, lakini mashine inauona. Sasa tunaupitisha kwenye gesi yako."

Niliweka bomba katika njia ya mwanga. Papo hapo meno mawili matatu yakafupika, mengine hayakuguswa. Baba akasogea mbele mwenyewe, hakuhitaji kuitwa.

Lakini meno ya chanuo yana nafasi kati yake, na mistari ya gesi ni myembamba, mingi ilikuwa inajificha katika zile nafasi. Basi nikaanza kukipasha kipande moto kidogokidogo, meno yote yakateleza pamoja kwa mwendo mdogo, na kila yaliposogea kompyuta ilipima tena na kuongeza nukta kwenye mchoro. Nukta zikajipanga. Likatokea shimo moja lenye kina, likafuatiwa na jingine la kina kifupi, kisha lenye kina tena, kisha fupi. Refu, fupi, refu, fupi, hadi mwisho wa skrini.

Sijui niielezeje furaha ile. Ule mpangilio niliujua kwenye vitabu. Asetilini ina atomi mbili za haidrojeni, moja kila upande, zinazofanana kabisa, na kwa sababu ya kufanana huko mistari yake inapokezana, mmoja wenye nguvu na mmoja hafifu. Nilikuwa nimeijibu katika mtihani na kupata alama. Sasa ilikuwa inajichora yenyewe mbele yangu, ikitoka kwenye jiwe lililolala ndani ya koti la baba, na hapakuwa na kitabu. Mwalimu alikuwa ameshika bega langu na alikuwa analifinya bila kujua.

"Hii ndiyo ile gesi?" baba aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Nani aliiambia mashine?"

"Hakuna aliyeiambia. Kila gesi inakula rangi zake. Hii ndiyo namna yake ya kula, hakuna nyingine yenye inakula hivi."

Alisogeza uso karibu na skrini. "Miaka yote," alisema, na hakumaliza.

Mwalimu ndiye aliyeona jambo lililofuata. Pembeni, upande wa rangi zenye mawimbi mafupi, palikuwa na mashimo madogo yasiyo na mpangilio ule. Hayakupokezana, yalikuwa yamerundikana tu.

"Haya si ya asetilini," alisema, na uso wake ukabadilika. "Labda chanuo limeanza kuharibika."

"Kama ni chanuo, yangeonekana hata bila bomba," nikasema.

Tukaliondoa bomba. Mashimo yote yakatoweka, makubwa kwa madogo. Tukalirudisha, yakarudi. Basi yalikuwa ya gesi. Tulifungua majedwali ya mistari kwenye kompyuta tukaanza kulinganisha, vichwa vyetu vikiwa karibu kugongana. Tukajaribu mvuke wa maji, haukulingana. Tukajaribu kabonidayoksaidi, haikuwa na kitu mahali pale. Kisha mwalimu akaweka jedwali la amonia, na mistari ikaja kukaa juu ya mashimo yetu, mmoja juu ya mwingine.

"Amonia ni nini?" baba akauliza.

Nikamweleza kwamba ni ile inayochoma pua kwenye zizi la ng'ombe, asubuhi kabla halijafagiliwa.

Alijivuta nyuma, na nikaona nimemkosea. "Hiyo haiko ndani ya karibiri yangu," alisema. "Karibiri yangu ni safi. Ninainunua kwa mutu ninayemuamini."

"Si kosa lako, mzee, wala la huyo mtu," mwalimu alimwambia. "Kabaidi inapikwa kwenye tanuri kali sana. Naitrojeni ya hewani inaingia humo kidogo. Ukitia maji, inatoka kama amonia. Kabaidi yote iko hivyo."

Baba aliitikia kwa adabu, lakini nilimjua. Hakuwa ameridhika. Nami nikawa sijaridhika pia, kwa sababu tulikuwa tumelinganisha picha na picha tu. Nilitaka kuwa na hakika. Ndipo likanijia wazo, likaja haraka hata nikalisema kabla ya kulifikiria: amonia inapenda maji, na inapenda zaidi maji yenye ukali wa siki. Asetilini haijali sana. Tukitengeneza gesi upya na kuipitisha kwanza ndani ya maji ya siki, amonia ingebaki humo. Kama mashimo madogo ni yake, yangeondoka, na makubwa yangebaki.

"Siki iko wapi?" mwalimu akauliza.

Nilikuwa tayari mlangoni. Nilikimbia hadi duka la karibu na geti, nikarudi na chupa ya siki ya kachumbari, na watu wa duka wakibaki wanaulizana nina nini. Baba alichagua jiwe mara hii, tukaongeza chupa ya pili katikati, na gesi ikapita mle ndani ikitoa mapovu kabla ya kuingia kwenye bomba. Nilikuwa naomba kimoyomoyo umeme uvumilie. Ulivumilia. Chanuo lilikuwa bado limesimama.

Nukta zikaanza kujichora. Refu, fupi, refu, fupi, zikaja zote mahali pake. Tukasubiri zifike upande ule wa pembeni. Zilipofika, mstari ulipita umenyooka, bila hata kovu.

Mwalimu alikaa kwenye stuli, akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujisumbua kuyafuta. Tulikuwa tumeuliza swali, na kile kipande kidogo kama ukucha kilikuwa kimetujibu, katika chumba chetu, kwa siki ya dukani.

"Basi imenawa," baba alisema.

"Imenawa, papa."

"Sasa ni safi?"

"Kwa upande wa amonia, ndiyo. Sasa ni safi."

Akatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyerudishiwa heshima yake. Kabla hajaondoka aliniomba jambo moja. "Zima, halafu uwashe tena. Ile ya kwanza niliangalia wewe, sikuangalia kioo."

Nikazima. Nikawasha. Mara hii mkono wangu ulikuwa mwepesi, ngazi ikashuka mara ya kwanza, na yeye akanyoosha kidole kwenye skrini kabla sijasema kitu, akaonyesha mahali iliposhukia. Kisha akapiga picha ya mchoro wa mashimo kwa simu yake, akavaa viatu vyake vyenye udongo, akaenda kuchukua pikipiki yake.

Matokeo tuliyatuma kwa wale wa Ulaya wiki hiyohiyo. Walimwuliza mwalimu maswali mengi, mengine magumu, tukarudia vipimo mchana baada ya mchana, na kila mara mistari ile ilikuja mahali pake. Mwisho walituambia tusirudishe vile vipande, tuendelee navyo. Mwalimu aliponipa habari hiyo tulikuwa uwanjani, na sikumbuki nilimjibu nini; nakumbuka kwamba nilimkumbatia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na kwamba wanafunzi walikuwa wanatuangalia.

Jumapili iliyofuata nilipeleka habari Juru. Nilikuta tayari nyumba imejaa. Baba alikuwa anawaonyesha majirani ile picha, simu ikipita mkono kwa mkono, Wakongo na Warundi wamechanganyika kwenye mkeka na mabenchi.

"Munaona?" alikuwa anasema. "Hii ni gesi. Iko na meno. Lino kubwa, lino dogo, lino kubwa."

"Papa, gesi haina meno," nikasema nikiketi. "Mwanga ndio wenye meno. Gesi inayala."

"Inakula meno?"

"Inakula meno ya mwanga. Hayo mashimo ni fasi yenye imekula."

Akaichukua simu, akaiangalia upya, akaigeuza kichwa chini miguu juu. Mzee mmoja Mrundi aliuliza kama mwanga unaumia ukiliwa, na mwingine akauliza kama ile mashine inaweza kuangalia pombe. Nikasema pombe nayo ina rangi zake. Hapo kila mtu akawa na swali, na mimi nilikuwa najibu huku na huku, nikichora kwa kijiti ardhini, pete, meno, mashimo, sauti yangu ikizidi kupanda hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

Alisikiliza kidogo, akaichukua simu kutoka kwa baba, akaisogeza mbali na macho yake, akaileta karibu.

"Huyu hakuangalia muzuri," alisema. "Wiki yenye iko inakuja nitaenda kule Mbarara mimi mwenyewe."